Maumivu Niliyomficha Mkwe Wangu

Kila mtu Igoma alilijua jina la ugonjwa wangu kabla yangu. Jirani anayeuza nyanya alisema ni gesi. Mama mmoja wa kwaya yetu alisema ni vidonda vya tumbo, akanionyesha kwa kidole mahali vinapokaa, juu ya blauzi yangu, kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda posta. Muuza duka la dawa alisema ni uchovu, akanipa vidonge vya rangi ya waridi. Mimi mwenyewe nilisema ni kichomi, kwa sababu mama yangu aliishi na kichomi maisha yake yote na akafa kwa kitu kingine kabisa. Nawaandikia ninyi mnaoweka mkono kifuani, mkasikiliza kidogo, halafu mkautoa na kuendelea na kazi. Nilikuwa mwenzenu. Sasa sehemu ya moyo wangu imekufa na mimi nipo, na muda wa kukaa na kufikiri ninao mwingi kuliko ninavyoutaka.

Nilikuwa nauza mchele. Nilikuwa na kibanda cha mbao karibu na barabara ya Musoma, na wateja wangu walinifuata kwa sababu mchele wangu hauna mawe. Siri ya mchele usio na mawe ni kupepeta, tena kupepeta bila kubahatisha, na kazi hiyo sikumwachia mtu. Kwa hiyo maumivu yaliponianza, katika msimu ambao mpunga mpya ulikuwa unaingia kutoka Magu, yakateremka mkono wa kushoto mpaka kwenye kidole cha mwisho, sikuwa na swali. Nikasema ni ungo. Nikamwita binti wa kibanda cha pili anipepetee, nikakaa kama bibi harusi. Jioni nilipopanda kwenda nyumbani yakarudi yale yale.

Nyumba yangu iko juu kwenye mawe. Mwenye kuijua Mwanza anaelewa: wenye uwezo walijenga bondeni, sisi wengine tukapanda kujibanza katikati ya majabali, na kila kinacholiwa nyumbani lazima kwanza kipandishwe. Nilikuwa nimeipanda njia ile miaka mingi na mzigo kichwani. Sasa nilikuwa nikifika katikati kifua kinabanwa, kama mtu amenikalia. Nikisimama, kinaachia. Huko kuachia ndiko kulikonidanganya. Niliamini ugonjwa wa kweli ukishika umeshika, hauna adabu ya kukungoja upumzike. Nikajizoeza kusimama kwenye majabali kama mtu anayetazama ziwa. Watu wakinisalimia nikiwa pale walidhani nafurahia mandhari.

Kisha likaja taya. Kila kifua kilipobana, taya la chini nalo liliuma, upande wa kushoto. Hilo nililishukuru, maana jino angalau lina dawa. Nikaenda kung'oa gego. Fundi wa meno aliligonga, akaniuliza kama nina hakika, akasema yeye haoni tundu. Nikamwambia jino ni langu na maumivu ni yangu. Akaling'oa. Lilikuwa zima kabisa, jeupe mpaka kwenye mizizi, na taya likaendelea kuniuma kila nilipopanda mlima.

Binti yangu Kabula alikuwa anaishi kwangu na mumewe na mtoto wao Minza. Kabula anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, anakata minofu, anaondoka alfajiri na kurudi ananuka sangara. Ana mdomo kama wangu. "Mama, unahema kama mbuzi aliyefukuzwa," aliniambia. "Nenda hospitali."

"Nikienda watanipa ugonjwa," nikamjibu.

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Basi mtalia. Machozi hayauzwi."

Tulicheka, mimi zaidi yake. Lakini kwa kweli mtu niliyemficha zaidi hakuwa Kabula. Nilimficha mumewe, na hapa lazima nieleze, kwa sababu watu wa pwani na vijana wa siku hizi hawaelewi.

Kwetu Usukumani mama mkwe na mume wa binti yake, kama baba mkwe na mke wa mwanawe, hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, mkwe haingii chumbani kwa mama, hamtazami usoni. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima nzito, na mimi nililelewa nayo kama nilivyolelewa na chumvi. Baba Minza, ndivyo nilivyomwita siku zote kwa jina la mwanawe, ni fundi wa kuchomelea mageti pale chini barabarani, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno. Chumba walichokuwa wamepanga kiliangushwa ukuta na mvua, wakaja kwangu kwa mwezi mmoja, na mwezi ule ukawa na watoto na wajukuu. Nyumba ni ndogo. Tukaiendesha kwa kukohoa. Akifika getini anakohoa, mimi nasogea ndani au nageuka. Akitaka kusema na mimi anasimama nje ya pazia, ametazama upande wa pili. Tukikutana njiani kwenye mawe, anatoka kwenye njia, anajificha nyuma ya jabali na kunipa mgongo mpaka nipite. Nilipenda hivyo. Mjane katika nyumba iliyojaa watu anahitaji ukuta, hata kama ni wa kikohozi tu.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwonyeshaje kifua kinachouma? Kila niliposikia kikohozi chake nilijinyoosha, nikaweka uso wa mtu asiyeumwa. Wakati mwingine maumivu yalikuwa yamenikunja mara mbili jikoni, na mimi nikasimama wima na kuuliza kwa sauti kama chumvi imo kwenye mboga, ili asikie.

Ilikuwa Jumapili, kiangazi kikali, vumbi limetanda mpaka ziwani. Kabula alikwenda kanisani na mtoto. Mimi nilisema nina mafua. Nilikuwa nimetoka kuoga, nimekaa kitandani na kanga moja, nachagua gauni. Yakaja. Safari hii sikuwa nimepanda mlima wala kubeba kitu. Nilikuwa nimekaa tu, kama mtu anayesubiri chai. Jasho la baridi lilinitoka mpaka mgongoni, nikatapika kwenye beseni, beseni likaniponyoka, na nikajikuta chini, shavu kwenye saruji. Kimoja nilichokielewa mara moja ni kwamba mara zote zile maumivu yalikuwa yananiachia nikipumzika, na sasa hakuna kupumzika kuliko kulala sakafuni, na hayaachii.

Getini mtu akakohoa. Umeme ulikuwa umekatika barabarani, akashindwa kumalizia geti la mteja, akarudi.

"Shikamoo, mama," akasema nje ya pazia.

"Marahaba."

"Hamjambo humo ndani?"

"Hatujambo, baba."

Niliyajibu hayo nikiwa nimelalia matapishi yangu. Chini ya pazia niliziona ndala zake, zimegeukia nje kama desturi.

"Nimesikia kitu kimeanguka."

"Ni beseni."

"Mama, sauti yako si nzima."

"Ni gesi tu. Nenda kapumzike."

Ndala hazikuondoka. Kisha zikaondoka mbio, nikamsikia anagonga mlango wa jirani huyu, wa yule, anaita majina ya wanawake mmoja mmoja. Wote walikuwa kanisani. Akarudi anahema.

"Mama, hakuna mtu. Nitaingia."

"Usiingie! Sina nguo."

"Nitafumba macho."

"Mngoje Kabula."

"Kabula atakukuta umekufa."

Hakuna mkwe anayesema hivyo. Nilikasirika, nakwambia, katika maumivu yale nilipata nafasi ya kukasirika. Na niliyofikiria nayasema yalivyokuwa: niliona heri nife pale pale kuliko kubebwa na mkwe wangu nikiwa nusu uchi. Sikuona kuwa ni wazo la ajabu. Lilinijia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeamua kutopika siku hiyo.

Akavuta shuka kutoka kwenye kamba ya nguo, akaingia kinyumenyume, amelishika nyuma yake. "Naomba radhi, mama. Naomba radhi." Alinitupia shuka kwa kubahatisha, akanifunika hata uso, akaniviringisha na kuninyanyua. Akaanza kuteremka kwenye mawe, amekaza macho juu mawinguni asije akaniona. Akajikwaa. Akajikwaa tena, tukayumba pembeni mwa jabali.

"Tazama chini!" nikamfokea. "Utatuua wote wawili!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake bila pazia katikati. Akatazama chini. Alilia njia nzima, machozi yalidondokea kwenye shuka, na hakuacha kuniomba radhi mpaka kwenye bajaji.

Hospitali kubwa nilikuwa nimewahi kwenda kutazama wagonjwa tu, na mtu anayetazama wagonjwa haoni mabenchi. Mimi niliyaona. Nililazwa juu ya benchi moja refu kwanza, kichwa kwenye mapaja ya mwanamke nisiyemfahamu ambaye alikuwa amemleta mwanawe aliyevunjika mkono. Hakuniuliza jina. Aliendelea kunipepea kwa kadi ya hospitali ya mwanawe mpaka waliponiita. Mpaka leo simjui ni nani, na kila nikipiga magoti humtaja kama "yule wa benchi".

Daktari alikuwa kijana, umri wa Kabula. Wakanibandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi. Akanipa kidonge, akasema nitafune, nisimeze kizima.

"Mama, maumivu yameanza lini?"

"Leo."

Nje ya mlango mtu akakohoa. Baba Minza alikuwa amesimama kwenye korido, mgongo kwetu.

"Si leo, daktari," alisema, bado ametazama ukutani. "Tangu mpunga mpya. Zamani mama alikuwa anapanda bila kusimama. Halafu akawa anasimama mara moja. Siku hizi anasimama karibu kila jabali. Mimi huwa namsubiri apite, nyuma ya jiwe, kwa hiyo nasikia. Anahema. Anasema 'Mungu wangu' polepole. Wiki iliyopita alikaa chini muda mrefu mpaka nikadhani ameshapita, nikachungulia."

Daktari aliacha kuandika. "Na hukumwambia mtu?"

"Ningesemaje nimemchungulia mama mkwe?"

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaoficha kitu kimoja. Mimi namficha yeye, yeye ananificha kwamba anajua.

Walisema ni mshtuko wa moyo, na kwamba ulikuwa unabisha hodi muda mrefu kabla haujaingia. Mambo ya mishipa sitayaeleza, sikuyaelewa vizuri na wapo waliosomea. Nilichoelewa ni kwamba nyama ya moyo ikikosa damu inakufa, na iliyokufa haioti tena kama ukucha. Ningefika wakati ule wa gego, daktari alisema, ingekuwa habari nyingine. Alisema bila kunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Wodini nilikaa mpaka nikazijua sauti za viatu vya wauguzi wote. Dirisha langu lilitazama ziwa. Watu husema ni bahati. Mimi nililichoka lile ziwa, linang'aa asubuhi kama kwamba hakuna anayekufa. Mwanamke wa kitanda cha jirani, mzee kutoka Sengerema, alikuwa anajaa maji miguuni na tumboni. Alikuwa akiletewa uji wa ulezi na kila mara alinimiminia nusu, ingawa nilimkatalia. Siku moja asubuhi muuguzi alivuta pazia kati yetu, na lilipofunguliwa kitanda kilikuwa kimetandikwa. Uji wake ulikuwa bado kwenye chupa juu ya kabati langu. Niliunywa. Nilimlilia na kuunywa.

Kaka yangu Maduhu alifika kutoka Magu wiki ile. Ni mkubwa wangu, mkulima wa mpunga, na tangu baba alipofariki yeye ndiye msemaji wa ukoo. Alisimama miguuni mwa kitanda na kofia mkononi. Alikuwa ameshasikia habari. Habari za aibu hupanda gari la kwanza.

"Ni kweli amekubeba yeye?"

"Amenibeba."

"Hapakuwa na mwanamke hata mmoja mtaa mzima?"

"Walikuwa kanisani, kaka."

"Atatoa mbuzi," akasema. "Wazee wakae, jambo lisafishwe."

Kabula alikuwa ananikanda miguu kwa mafuta. Alisimama. "Mjomba, mama anapumua kwa mpira puani, wewe unazungumza mbuzi?"

"Nyamaza. Hujui unalolisema."

"Najua. Asingembeba, leo mngekula ng'ombe wa msiba. Mbuzi huyo ni wa nini?"

Kaka alinitazama mimi nimnyamazishe mwanangu. Kabula alinitazama nimnyamazishe kaka. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala. Moyoni nilikuwa upande wa wote wawili, na hilo linachosha kuliko ugonjwa.

Mbuzi alitolewa. Baba Minza hakubishana. Alikwenda mpaka Magu, akakaa mbali na wazee, akasikiliza yaliyosemwa, akarudi. Mwezi haukupita wakahamia kwenye chumba cha kupanga upande wa Kisesa. Alisema kwa kupitia Kabula kwamba haifai tena kuishi nyumba moja. Siku ya kuhama Kabula alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni na godoro la mtoto kichwani.

"Ulinyamaza, mama. Walipomtoza mume wangu kwa kukuokoa, ulinyamaza."

Nilimshikia pazia apite na godoro. Alipoondoka, nyumba ikawa na ukimya ambao hakuna wa kuukohoa.

Mvua za vuli zilinikuta mtu mwingine. Nililala nimeegemea mito, nikilala chali nazama. Dawa zilinifanya nipate madoa ya zambarau mikononi kwa kuguswa tu. Nywele zilipukutika mbele. Miguu ilivimba jioni, nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki, na mjukuu wangu Minza alipokuja kunitembelea alipenda kubonyeza na kuhesabu mashimo. Kupepeta kulikwisha. Kibanda nilimwachia yule binti, na wateja wakaanza kulalamika kuhusu mawe, nikafurahi, roho mbaya yangu ikafurahi sana. Kazi ile iliyoniweka mjini ndiyo niliyoikosa kuliko afya yenyewe. Kliniki ikawa kalenda yangu. Sikusema tena "kabla ya Krismasi" au "baada ya Kwaresima". Nilisema "kabla ya kliniki", "kliniki ile ya mvua", "kliniki ile aliyoniongezea vidonge daktari".

Nilipotoka kliniki ya kwanza baada ya mwaka mpya, nikipanda polepole kama kinyonga, nikakuta katikati ya njia, pale mlima unapokaza, kiti cha chuma kimechomelewa na kufungwa kwenye jabali kwa saruji. Kina mgongo wa kuegemea. Hakuna aliyesema kimetoka wapi na mimi sikuuliza. Nilikaa pale mpaka jua likashuka, nikalia nikiwa nimekaa vizuri.

Mpunga ulipokuwa umeshahamishiwa majarubani, nilipata nguvu ya kusafiri mpaka Magu kumsalimia kaka. Nilikuwa bado nimemkasirikia, lakini kaka ni kaka. Alinitembeza shambani kwake, tukipita juu ya matuta. Alikwenda mbele. Akasimama. Akaweka mkono kiunoni na kutazama mashamba kama mtu anayeyapenda sana. Tukaenda, akasimama tena, na safari hii akajikanda chini ya kidevu.

Nikamvuta shati. "Kaka, taya linauma?"

"Jino hili."

"Na kifua?"

"Kichomi kidogo. Ni baridi ya majarubani."

"Ukikaa kinaachia?"

Akageuka kunitazama. "Nani amekwambia?"

Nikamwambia yote pale pale kwenye tope. Nikafungua mdomo, nikamwonyesha pengo la gego langu. Nikamsihi tuondoke wote kesho yake, nina kliniki, nitampeleka kwa daktari wangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na nikadhani nimeshinda.

"Wewe umeshikwa na ugonjwa wa mjini," akasema. "Mimi nakula ugali na kulima. Lakini nimesikia. Tukishavuna nitakuja."

"Kaka, huu haungoji mavuno."

"Nimesema nitakuja."

Nilimpigia simu kila baada ya kliniki. Masika yalikuwa mazuri mwaka huo, mpunga ukazaa sana, na kila simu ilikuwa ya mvua na ndege waharibifu. Nikitaja kifua, alisema, "Tukishavuna." Nilimwomba mkewe anisaidie. Mkewe akaniambia, "Unamjua kaka yako."

Walianza kuvuna. Mkewe alikuwa amekwenda mnadani na mwanawe yuko shambani na vibarua. Nyumbani alibaki kaka, aliyekuwa amesema amechoka, pamoja na Rejina, mke wa mwanawe, binti mdogo aliyeolewa mwaka uliopita. Simu niliipata mchana. Waliniambia anaumwa, nijiandae. Nikajua, maana mtu haambiwi ajiandae kwa ajili ya mgonjwa.

Msibani kila aliyesimama kusema alisema amekufa ghafla. Mchungaji alisema ghafla. Mwenyekiti wa kijiji alisema ghafla, jana tu walikuwa wanaongea. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake, mapaja yamevimba, vidonge kwenye kona ya kanga, na neno lile likawa linanichoma kila likitajwa. Mwisho nikasimama, bila kuitwa, dada wa marehemu, na nikasema kwa sauti hafifu niliyobaki nayo kwamba kaka yangu hakufa ghafla. Alikuwa anakufa tangu majaruba yalipojazwa maji. Aliumwa kifua akitembea, kikaachia akikaa. Nikasema aliye na hali hiyo hapa aje kwangu tuondoke naye. Mzee mmoja akaniomba nikae, nisijichoshe.

Jioni nilimkuta Rejina nyuma ya jiko, peke yake, sufuria tupu mbele yake. Tangu msiba uanze hakuna aliyekuwa amesema naye vizuri. Walikuwa wanamuuliza tu, mmoja baada ya mwingine, alikuwa wapi. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa na sikumuuliza.

"Shangazi," akasema. "Nilikuwepo. Alianguka mlangoni pa chumba chake. Nilikimbia. Shati lilikuwa limepanda, tumbo liko nje, amejikojolea. Nikataka kumshika. Akanyoosha mkono hivi, akaniambia, geuka mwanangu, usinione. Mwite mume wako."

"Ukafanyaje?"

"Niligeuka. Nikapiga kelele kuelekea shambani. Ni mbali, hawakusikia upesi. Nilikuwa nasikia anahema nyuma yangu. Halafu nikawa sisikii. Sikugeuka hata hapo, shangazi. Niligeuka walipofika."

Nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi na ina masizi.

"Nilikosea?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia alimheshimu baba mkwe wake kama alivyofundwa, na hakuna mtu katika ukoo ule mwenye haki ya kumnyooshea kidole. Hayo yote ni kweli. Sikumwambia kwamba heshima ile ndiyo iliyokuwa imesimama katikati yake na yule aliyeanguka mlangoni, kwa sababu atalijua mwenyewe, siku yoyote, akiwa anasonga ugali au anachota maji, na mimi sitakuwepo kumshika mikono.